Mpandisheni, Mtoeni kwa Mkopo au Mwachieni

Pita jioni yoyote kwenye viwanja vya vumbi vya Picha ya Ndege, Kibaha, utamkuta kijana wa aina moja. Sura na jina hubadilika, habari yake haibadiliki. Amevaa jezi ya mazoezi ya klabu yenye jina, anacheza mchangani na wadogo zake wa mtaani, na mguu wake unaonyesha wazi kwamba amefundishwa. Ukimuuliza yuko wapi siku hizi, anajibu kwa adabu: "Nipo U20, kaka. Nasubiri kupandishwa." Msimu unaofuata unamkuta palepale na jibu ni lilelile. Msimu wa tatu jezi imepauka, na kijana ameanza kulikwepa swali.

Wa namna hii nimewaona wengi, Kibaha na hata upande wa Kisarawe, kiasi kwamba siwezi tena kuamini kuwa ni bahati mbaya ya mtu mmoja mmoja. Tuna tabia katika soka letu ya kumsajili kijana, kumweka kando na kumwacha asubiri bila kumwambia anasubiri mpaka lini. Klabu haipotezi kitu kwa kumweka. Yeye anapoteza miaka.

Nasema hivi mapema ili nieleweke: klabu inayomsajili kijana ifungwe na tarehe. Tarehe hiyo ikifika, ichague moja kati ya matatu: impandishe kikosi cha kwanza, imtoe kwa mkopo mahali atakapocheza, au imwachie aende akatafute riziki kwingine. Jambo la nne, la kumwambia "subiri kidogo" kila dirisha la usajili linapofungwa, lipigwe marufuku na kanuni.

Kusubiri kunalipwa na nani?

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika soka la vijana, matumbo yanayoumia kwanza ni ya nyumbani. Fikiria safari ya kijana anayetoka Picha ya Ndege kwenda mazoezini Dar es Salaam. Anapanda gari mpaka Mbezi, anabadilisha, na kama mazoezi ni Chamazi anabadilisha tena kuelekea Mbagala. Anaondoka kabla jua halijachomoza na kurudi limezama. Nauli hiyo mara nyingi haitoki klabuni, kwa kuwa mkataba wake ni wa maneno, au ni karatasi aliyoisaini bila kupewa nakala. Inatoka kwenye genge la mama, kwenye boda ya kaka, au kwenye kibubu cha dada aliyeahirisha kozi yake ya ushonaji ili mdogo wake "atoke".

Hapo hatujataja viatu. Hatujataja chakula cha mtu anayekimbia kila siku, wala goti lililoteguka likapakwa dawa ya kuchua nyumbani kwa sababu hakuna aliyejua ni nani anapaswa kulipia kipimo. Familia hubeba gharama zote hizi kwa moyo mmoja kwa sababu imeambiwa mtoto yuko karibu kupandishwa. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na tarehe ya kulipwa nani atalidai?

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye daftari la nyumbani. Kati ya miaka 17 na 21 kijana wa Kitanzania hufanya maamuzi yatakayombeba au kumwangusha maisha yake yote. Arudie mtihani wa kidato cha nne au aende VETA? Ajifunze umeme wa magari, au aombe nafasi JKT? Anayesubiri kupandishwa hafanyi lolote kati ya hayo, maana kila akitaka kuanza anakumbuka kwamba huenda wiki ijayo akaitwa. Wiki ijayo inakuwa mwaka ujao. Siku anapoachwa, mara nyingi kwa kutokuona tu jina lake kwenye orodha, wenzake wa darasani wana ufundi wao, wana leseni zao na wengine wana watoto. Yeye ana jezi iliyopauka.

Mahindi yakifungiwa ghalani kwa muda mrefu yakingoja bei ipande, dumuzi huyala. Kipaji cha mpira hakina subira hata hiyo. Mshambuliaji wa miaka 19 asiyecheza mechi za ushindani hadumu kuwa yule aliyesajiliwa. Anarudi nyuma kila wiki.

Waliopanda walipandishwaje?

Tuwatazame wale tunaojivunia. Mbwana Samatta alitoka Mbagala, akapitia African Lyon, akatua Simba mwaka 2010. Mwaka uliofuata TP Mazembe ya Lubumbashi ilimwona alipocheza dhidi yao katika Ligi ya Mabingwa Afrika na kumchukua akiwa na miaka 18. Miaka minne baadaye alitwaa ubingwa wa Afrika na Mazembe na kutajwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani. Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya England, katika jezi ya Aston Villa. Hebu jiulize: kama mwaka ule 2011 angeambiwa asubiri misimu mitatu hadi wakongwe wastaafu, tungekuwa na Samatta huyu?

Novatus Dismas alilelewa katika kituo cha vijana cha Azam. Klabu ilipoona nafasi yake kikosi cha kwanza ni finyu, haikumweka benchi. Ilimtoa kwa mkopo kwenda Biashara United ya Mara, akacheza Ligi Kuu dhidi ya watu wazima. Baada ya hapo njia ikafunguka: Maccabi Tel Aviv ya Israeli, mkopo mwingine huko huko Israeli, Zulte Waregem ya Ubelgiji, Shakhtar Donetsk ya Ukraine kwa mkopo, kisha Göztepe ya Uturuki. Mara mbili tatu njiani alipelekwa kwa mkopo, na hakuna aliyeona aibu. Kwetu wengi wanauona mkopo kama adhabu. Historia ya kijana huyu inaonyesha kwamba mkopo uliopangwa vizuri unampa kijana kile ambacho klabu mama haiwezi kumpa kwa wakati huo, yaani dakika za kucheza.

Clement Mzize alipandishwa kutoka timu ya vijana ya Yanga msimu wa 2022/23, wakati ambao klabu ilikuwa na washambuliaji wa kigeni wenye majina makubwa. Kocha angeweza kusema hana nafasi. Alimpa nafasi kidogokidogo, na mwaka 2025 CAF ikampa kijana huyo tuzo ya bao bora la mwaka barani Afrika. Naye Kelvin John, aliyeonekana na Serengeti Boys kwenye fainali za Afrika za chini ya miaka 17 jijini Dar es Salaam mwaka 2019, hakuweza kusajiliwa Ulaya mara moja kwa kuwa kanuni za FIFA huzuia uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Badala ya kukaa tu, alipelekwa shule Uingereza, Brooke House College, akasoma na kucheza mpaka umri ukafika. Mwaka 2021 akasaini Genk, na mwaka 2024 akahamia Aalborg ya Denmark.

Njia zao ni nne tofauti, lakini katika kila moja kuna mtu mzima aliyefanya uamuzi mapema na kuusema. Mmoja aliuzwa, mwingine akatolewa kwa mkopo, wa tatu akapandishwa, wa nne akapelekwa shule. Hakuna hata mmoja aliyefika alipofika kwa kuachwa palepale.

Marekani kijana anahesabiwa miaka

Sasa nikupeleke mbali kidogo, kwenye mchezo ambao wengi wetu hatuutazami: besiboli ya Marekani. Nimeuchagua kwa sababu hakuna mchezo mwingine ninaoujua uliotengeneza ngazi ya vijana kwa hatua nyingi kama huo.

Ligi kuu ya besiboli ina klabu 30. Tangu mwaka 2021 kila moja ina timu nne za chini yake zinazocheza msimu mzima, kwa hiyo ni timu 120 zilizopangwa kwa madaraja manne, mbali na vituo vya wanaoanza kabisa. Kijana anaanza chini na kupanda daraja kwa daraja. Kila anapopandishwa, kushushwa, kuuzwa, kuumia au kuachwa, jambo hilo huandikwa na kutangazwa siku hiyohiyo. Mama yake akiwa kijijini anaweza kusoma mwanawe yuko timu gani leo. Kwetu hapa mzazi wa Kibaha hujua mwanawe ameachwa pale anapomwona amekaa kibarazani asubuhi ya mazoezi.

Jambo kubwa zaidi ni kanuni ya kuzuia ulimbikizaji. Kijana aliyesajiliwa akiwa na miaka 18 au chini yake, klabu ina misimu mitano ya kumwandika katika orodha yake ya wachezaji 40 wa ngazi ya juu. Aliyesajiliwa na miaka 19 au zaidi, misimu ni minne. Muda ukipita bila kuandikwa, klabu nyingine inaweza kumchukua katika uteuzi wa Desemba kwa dola 100,000, na iliyomchukua inalazimika kumweka kwenye kikosi cha juu msimu mzima unaofuata. Ikishindwa, iirudishie klabu ya awali nafasi ya kumpata tena. Yaani huwezi kumfungia kijana mlango kisha ukaukalia ufunguo.

Kanuni za aina hii si za jana. Mwaka 1954 klabu ya Dodgers ilikuwa na kijana wa Puerto Rico aliyeitwa Roberto Clemente, ikamweka timu ya chini na kumchezesha kwa nadra. Pittsburgh Pirates wakamchukua kwa uteuzi wa aina hiyo. Clemente akaja kuwa mmoja wa wachezaji wakubwa katika historia ya mchezo huo, akafikisha mipigo 3,000, na mwaka 1973 akaingizwa katika jumba la heshima la besiboli. Bila kanuni ile, huenda dunia isingemjua.

Na habari hii inatuhusu sisi Waafrika pia. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mtoto wa mama aliyekuwa mfanya usafi katika klabu ya besiboli ya Randburg na kuishi naye katika chumba kidogo hapohapo klabuni, alisajiliwa na Pirates mwaka 2008. Alipanda ngazi ile daraja kwa daraja, akirudishwa na kupanda tena, hadi Aprili 2017 alipokuwa mchezaji wa kwanza kutoka bara la Afrika kucheza ligi kuu ya besiboli. Ilimchukua zaidi ya miaka minane. Ni muda mrefu, lakini kila mwaka alijua yuko daraja gani na amebakiza lipi. Jirani zetu Uganda, ambao timu yao ya watoto kutoka Lugazi ilishiriki fainali za dunia huko Williamsport mwaka 2012, sasa wana vijana kwenye ngazi hiyohiyo, akiwamo David Matoma wa Pirates. Mtoto wa Uganda anayecheza mchezo wa kigeni anaweza kujua daraja lake Marekani. Mtoto wa Picha ya Ndege anayecheza mchezo wa nyumbani hajui lake hapa hapa Pwani.

Sitaki msomaji adhani Marekani ni peponi. Kwa miaka mingi vijana wa madaraja ya chini walilipwa kiasi cha kuaibisha, mpaka walipojiunga na chama cha wachezaji mwaka 2022 na kupata mkataba wa pamoja mwaka 2023 uliopandisha mishahara yao kwa kiwango kikubwa. Na klabu huko nazo zina ujanja wake. Mwaka 2015 Chicago Cubs walimwacha Kris Bryant timu ya chini kwa siku chache za mwanzo wa msimu. Siku hizo chache ziliipa klabu mwaka mmoja zaidi wa kummiliki kabla hajawa huru. Alilalamika rasmi na akashindwa. Somo ninalolipata hapo ni kwamba kanuni yenye tarehe haiondoi tamaa ya klabu, lakini inampa mchezaji mahali pa kusimama na kudai. Bryant aliweza kuhesabu siku zake na kuzipeleka mbele ya mwamuzi. Kijana wetu atahesabu nini, na atampelekea nani?

Mali bila daftari hupotea bila habari

Tarehe peke yake haitoshi kama hakuna kumbukumbu. Hapa ndipo familia zetu na walimu wetu wa mtaani wanapopoteza fedha halali bila kujua.

Kanuni za FIFA zinasema mchezaji anapohamishwa kimataifa kwa fedha kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya fedha hizo hugawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka anaotimiza miaka 12 hadi ule anaotimiza miaka 23. Tuchukue uhamisho wa dola milioni 1. Fungu la malezi ni dola 50,000. Klabu iliyomlea kwa mwaka mmoja kati ya miaka 12 na 15 hupata dola 2,500 kwa mwaka huo. Iliyomlea kati ya miaka 16 na 23 hupata dola 5,000 kwa kila mwaka. Mwalimu wa mtaani aliyemfundisha mtoto tangu miaka 12 hadi 15, kituo chake kikiwa klabu iliyosajiliwa, kinastahili dola 10,000. Kwa kiwanja cha Picha ya Ndege hizo ni mipira, nyavu, choo na bomba la maji, na bado zikabaki za kumlipa mwalimu.

Tena si mara moja. Fungu hilo hulipwa kila mchezaji anapouzwa kwa namna hiyo katika maisha yake ya mpira. Juu yake kuna fidia ya mafunzo, anayolipwa mlezi wakati kijana anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi, na tena katika uhamisho wa kimataifa mpaka mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Tangu Novemba 2022 FIFA ina chombo maalumu cha kukokotoa na kusambaza malipo haya, na hufanya hivyo kwa kusoma pasipoti ya mchezaji iliyotengenezwa kutokana na kumbukumbu za mashirikisho ya nchi.

Tatizo letu liko kwenye kumbukumbu hizo. Mtoto aliyecheza miaka minne Kibaha bila kuandikishwa, kwenye pasipoti yake miaka hiyo haipo. Klabu itakayoandikwa kuwa mlezi wake wa kwanza ni ile iliyomchukua akiwa na miaka 17 tayari ameiva. Mwalimu wake atamtazama kwenye televisheni, atawaambia watu "huyu nilimfundisha mimi", na hakuna senti itakayomfikia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mali ya mtaa wetu ni hawa watoto.

Kwa hiyo ninawaomba wenye vituo vya mpira vya Kibaha na Kisarawe: andikisheni vituo vyenu kupitia vyama vya wilaya na COREFA, chama cha soka cha mkoa wa Pwani, wekeni orodha ya watoto yenye tarehe za kuzaliwa, na msimtoe mtoto kwenda klabu yoyote bila barua. Na COREFA iwasogelee. Mwalimu anayefundisha kwa kujitolea jioni hana muda wa kuzunguka ofisi kwa ofisi kutafuta fomu.

Umri unaodanganywa

Kuna madhara mengine ya kusubirisha watu ambayo tunayalaumu bila kutazama chanzo chake. Kijana aliyekaa timu ya vijana kwa misimu mingi bila kupandishwa hufika mahali ambapo umri wake halisi unamfungia mlango. Ana miaka 22, lakini hana mechi hata moja ya Ligi Kuu. Hapo ndipo anapotokea wa kumnong'oneza kwamba cheti kinaweza kubadilishwa. "Umri wa mpira" huzaliwa kwenye benchi la kungojea.

Tunayajua matokeo yake. Serengeti Boys walikuwa wamefuzu fainali za Afrika za mwaka 2005 kule Gambia, wakaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Kizazi kizima cha watoto kiliadhibiwa kwa kosa la karatasi. Leo kuna kipimo cha picha ya kifundo cha mkono ambacho FIFA ilianza kukitumia katika Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 mwaka 2009, na kinawatoa wengi. Kipimo kinakamata kosa likiwa limeshafanyika. Kupunguza sababu ya kosa ni kazi nyingine, na inaanza kwa kumwambia kijana mapema kama anapanda au hapandi.

Ngazi imekatika katikati

Wapo watakaoniambia: mwandishi, wewe hujui presha ya klabu zetu. Kocha wa Simba au Yanga akipoteza mechi mbili anafukuzwa. Atathubutu vipi kumpanga mtoto? Na klabu inaruhusiwa kusajili wageni hadi 12, sasa nafasi ya kijana iko wapi?

Presha hiyo ninaikubali, na simdai kocha apange timu kwa huruma. Wala sisemi wageni wafukuzwe. Wengi wao wameinua kiwango cha ligi yetu na kuwafundisha wenyeji. Ninachosema ni kwamba kama klabu inajua haitamtumia kijana, haina haki ya kumkalia. Imtoe kwa mkopo. Ligi Kuu ina klabu 16, Championship ina nyingine 16, na chini yake kuna First League na ligi za mikoa. Huko kuna timu zinazolia njaa ya washambuliaji.

Hapa mkoa wa Pwani una jeraha lake. Kwa miaka mingi Ruvu Shooting ilicheza Ligi Kuu kwenye uwanja wa Mabatini, Mlandizi, umbali ambao kijana wa Kibaha angeweza kwenda na kurudi akala kwao. Msimu wa 2022/23 ikashuka daraja. Timu kama hiyo ikishuka, mkoa haupotezi burudani ya Jumamosi tu. Unapoteza daraja la katikati, pale ambapo kijana wa miaka 19 angekosea, akasamehewa na kukomaa. Sasa anatakiwa aruke kutoka vumbi la mtaani moja kwa moja hadi Dar es Salaam, na wengi huanguka katikati. Wadau wa Pwani tukitaka kuwasaidia watoto wetu, kuwa na timu imara ya Championship hapa mkoani kutawafaa kuliko kuongeza matawi ya kushangilia klabu za Dar.

Hoja nyingine ni ya fedha: klabu imemgharamia kijana, itamwachiaje bure? Haimwachii bure. Inaweza kumwachia huku ikibakiza kwa maandishi asilimia ya mauzo yake ya baadaye, na haki ya malezi kwa miaka aliyokaa haifutiki. Kijana anayecheza kwingine na kuuzwa huiletea klabu ya zamani fedha. Kijana anayekaa benchi mpaka mkataba ukaisha hailetei chochote. Kwa hesabu za kibiashara tu, kumkalia ni hasara.

Yafanyike haya

Shirikisho la soka nchini, TFF, liandike katika kanuni kwamba mkataba wa mchezaji wa timu ya vijana uwe na tarehe ya uamuzi. Napendekeza misimu miwili kwa anayesajiliwa akiwa na miaka 18 au zaidi. Kwa aliye chini ya hapo, FIFA tayari inazuia mkataba wa kulipwa kuzidi miaka mitatu, basi uamuzi utolewe kabla mwaka wa tatu haujaanza. Tarehe ikipita kimya, kijana awe huru moja kwa moja, na barua ya kuachiwa itolewe na shirikisho bila kusubiri hisani ya katibu wa klabu.

Mkopo nao uwe na masharti yaliyoandikwa: nani analipa mshahara, nani anatibu, na kijana arudishwe au ahamishwe kama timu iliyomchukua haimchezeshi. Majina ya waliopandishwa, waliotolewa kwa mkopo na walioachwa yatangazwe kila dirisha linapofungwa, la vijana kama la wakubwa. Leo tunajua saa aliyotua uwanja wa ndege kiungo kutoka nje, na hatujui ni vijana wangapi walioachwa wiki hiyohiyo.

Klabu ziwape watoto shule. Hapa Kibaha hatuhitaji kusafiri kutafuta mfano. Shirika la Elimu Kibaha lipo kwa zaidi ya nusu karne. Mkuza kuna shule na kituo cha michezo cha Filbert Bayi, mtu aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch mwaka 1974 na ya maili moja huko Kingston mwaka 1975, kisha akarudi nyumbani kuwekeza katika darasa na uwanja kwa pamoja. Mkimbiaji yule aliyevunja rekodi za dunia aliona mbio pekee hazimtoshi mtoto. Klabu zetu zinaona nini kinachowatosha watoto zinaowasajili?

Na wazazi wenzangu, tujifunze kuuliza kabla ya kusaini. Nakala ya mkataba iko wapi? Unaisha lini? Akiumia anatibiwa na nani? Uamuzi wa kumpandisha utatolewa tarehe gani? Wakala au kiongozi anayekasirishwa na maswali haya amekwisha kukujibu. Usimkabidhi mtoto.

Najua kuambiwa "hutapanda" kunauma. Lakini kijana wa miaka 20 aliyeambiwa ukweli bado ana muda wa kutafuta timu nyingine, kurudi darasani au kushika ufundi, na mama yake anajua nauli ya kesho aipeleke wapi. Wa miaka 24 aliyefichwa ukweli hana hata kimoja kati ya hivyo. Kanuni za msimu mpya huandikwa kabla ligi haijaanza, na waandishi wake ni watu tunaowajua kwa majina na vyeo. Tarehe hiyo waiandike sasa, na klabu itakayoona ni mzigo ipunguze idadi ya watoto inaowasajili.